Kutu Katika Kisima cha Sururu

Tarehe 4 Machi, mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke nyumbani

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia juzi, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi kabla hata ya kufungua mlango. Nilipokuacha ulikuwa na miaka saba na pengo mbele. Sasa una mwandiko wa mtu mzima na unaniuliza habari za maji. Umefanya vyema kuandika badala ya kupiga simu. Maneno ya simu siwezi kuyasoma mara ya pili.

Unasema sare nyeupe za wanafunzi wauguzi unazofua zinatoka na madoa ya manjano, na chuo kimekupa mpaka katikati ya mwaka kabla ya kutafuta mfuaji mwingine. Unasema pia umezitia dawa ya klorini na madoa yamezidi. Lazima yazidi. Madoa hayo ni ya chuma, na klorini hukifanya kishike kutu palepale kwenye uzi. Acha kabisa. Paka maji ya ndimu na chumvi, anika juani, kisha suuza kwa maji ya mvua.

Sasa nijibu kama shahidi aliyekula kiapo. Maji yakitoka kwenye pampu ni meupe kisha yanageuka, au yanatoka tayari mekundu? Bomba linaloshuka kisimani ni la chuma au la plastiki? Na chai yenu ina rangi gani? Usinicheke kwa hilo la chai. Mimi ni mpiga chapa. Majani ya chai yakikutana na chuma hutoa weusi, na kwa weusi wa namna hiyo watu waliandika vitabu kwa karne nyingi.

Umeniandikia pia kwamba unataka mimi na baba yako tuonane kabla umri haujatushinda. Hayo naomba tuyaache. Niliondoka na mkoba mmoja, nikamwachia mdogo wangu kitu kimoja tu akitunze: mashine yangu ya kuchapa. Miezi miwili baadaye nilimwandikia kuiulizia. Akanijibu mstari mmoja: "Mashine haipo, usiiulize tena." Nikamwandikia kwamba ameuza mkono wangu wa kulia. Hakujibu mpaka leo. Siku atakayosema aliiuza kwa nani, tutazungumza. Juu ya maji, niulize utakalo.

Baba yako mkubwa


Tarehe 21 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Najibu kwa kiapo. Asubuhi, pampu ikipigwa mara za kwanza, maji yanatoka mekundu na yana vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nikiendelea kupiga yanakuwa meupe, lakini ndoo ikikaa saa moja yanageuka rangi ya mkojo wa punda. Maneno hayo ni ya Baba, si yangu. Chini ya ndoo hubaki tope laini, ukiligusa kidole kinakuwa kama kimepakwa hina.

Bomba ni la plastiki. Baba alilibadilisha mwenyewe miaka sita iliyopita. Chai ni nyeusi, na tukitia maziwa inakuwa ya kijivu. Wageni wanakunywa nusu kikombe, wanakumbuka wana safari. Baba anasema ndiyo dawa yake ya wageni.

Siku hizi mimi ndiye ninayepiga pampu. Baba anakaa kwenye kigoda mlangoni na kunihesabia: "Arobaini na moja, arobaini na mbili, vuta bwana, unaibembeleza?" Watu bado wanamwita Sururu, ingawa sururu yenyewe imetundikwa ukutani mwaka wa tatu huu.

Ndimu imesaidia. Sare kumi na mbili zimerudi kuwa nyeupe. Lakini ndimu haziwezi kushindana na kisima.

Nilimwuliza juu ya mashine, naomba usikasirike. Alisema, "Mwulize yeye, si ndiye anayejua kila kitu?" Kisha akaomba chai.

Baba Mkubwa, chumba cha mbele, kile kilichokuwa karakana yako, nimekipaka chokaa. Kina dirisha jipya. Nakwambia tu.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Umekuwa shahidi mzuri kuliko wengi waliowahi kusimama kizimbani. Katika maktaba ninayofanya kazi ya kutengeneza vitabu vilivyochanika kuna vitabu viwili vya maji. Nimevisoma vyote.

Mna matatizo mawili, usiyachanganye. Maji yanayotoka meupe kisha yakageuka yana chuma kilichoyeyuka kutoka ardhini. Hakionekani mpaka kikutane na hewa. Hicho tutakitoa hivi. Chukua bati la mafuta, litoboe matundu madogo kama chekeche, litundike juu ya pipa kiasi cha kimo cha mtoto, na umimine maji yapite humo yakianguka kama manyunyu. Yakilala pipani mpaka kesho yake, wekundu wote utakaa chini. Bomba la kutolea maji liwe kiganja kimoja juu ya kitako cha pipa, ili usichote tope. Kisha yapitishe kwenye pipa la pili lenye kokoto chini na mchanga uliooshwa juu. Maji yakianza kupita kwa uvivu, osha mchanga.

Lakini vile vipande vya maganda ya kitunguu si vya ardhini. Hiyo ni kutu iliyobanduka kwenye chuma kizima, na bomba lenu ni la plastiki. Maana yake kuna kitu cha chuma kimelala kisimani. Labda mnyororo, labda ndoo za zamani. Nakumbuka mwaka tulipochimba kisima hicho: mimi nilishika kitabu, Sururu akashika sururu, na chai ya kwanza tuliyoipika kwa maji yake ilikuwa nyekundu, nzuri, yenye rangi ya chai. Kwa hiyo kitu hicho kiliingia baadaye.

Mtafute fundi wa visima ashuke. Kabla hajashuka, teremsheni mshumaa unaowaka mpaka usawa wa maji. Ukizimika, asishuke mtu, hewa ya chini ni mbaya.

Dirisha jipya linatazama upande gani?

Baba yako mkubwa


Tarehe 2 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mapipa yanafanya kazi! Asubuhi ya nne nilichota glasi moja, nikaiweka juu ya gazeti, nikasoma maandishi kupitia humo. Chai ya leo imekuwa ya kahawia. Baba ameitazama akasema imepungukiwa na nguvu.

Tatizo ni fundi. Alikuja Jumanne na kamba zake, Baba akamfukuza. Hakupaza sauti, alisema tu, "Kisima hiki nimekichimba mimi. Ninaingia mimi, au hakiingiwi." Fundi akamwambia, "Mzee, kwa kifua hicho utaingia vipi?" Baba akacheka mpaka akakohoa, na fundi akafunga virago.

Anakohoa kidogo, si jambo kubwa. Vumbi la miaka mingi ya kuchimba.

Vipande bado vinatoka na mchanga unajaa kutu kila siku ya tatu. Naosha mchanga kuliko ninavyofua sare. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemwambia ni ushauri wako. Aliposikia ni ushauri wako aliomba karatasi. Sijui ameandika nini. Aliifunga bahasha mwenyewe.

Dirisha linatazama kisimani.

Mwanao


Tarehe 4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mtoto ananiambia mnaandikiana juu ya maji yangu. Sawa. Mapipa yako ni mazuri, lakini pipa la mchanga umesahau kulitilia kifuniko, na mijusi haijui kusoma kitabu. Nimelitilia.

Tumeyanywa maji haya miaka ishirini na tisa, hakuna aliyekufa kwa kutu. Chai yangu ni nyeusi na nimeizoea. Usimtume fundi tena. Kilichomo kisimani nakijua, hakina madhara ila rangi.

Uliniita mwuzaji. Hukuniuliza, uliniambia. Ndiyo maana sikukujibu, na sasa nimekula chumvi nyingi, siwezi kuanza kujieleza kwa karatasi kama mtoto wa shule. Kama unataka kujua kuna nini chini, njoo uangalie mwenyewe. Kamba ipo. Nitakushikia.

Mdogo wako,
Sururu


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Nimepata barua ya baba yako. Sitamjibu, lakini unaweza kumsomea hii.

Nilitaraji neno moja la radhi. Nimepata somo la mijusi na dhihaka. Ananiambia nije niangalie mwenyewe, mtu wa miaka sabini na moja, niteremshwe kwa kamba kama ndoo, na kamba aishike yeye! Aliyeshindwa kushika mashine miezi miwili. Sina haja ya kutazama kisima. Ninajua kisima kina nini: kina maji, na ukaidi wa mtu mmoja.

Wewe endelea kuosha mchanga. Ukiweka tabaka la mkaa uliopondwa kati ya mchanga na kokoto, harufu itapungua. Usichoke kabla ya katikati ya mwaka, nadhani chuo kitakubakiza.

Hapa maji ya bomba hayana rangi wala ladha. Nimeyanywa miaka yote hii na bado kila asubuhi naonja kwanza.

Baba yako mkubwa


Tarehe 19 Agosti

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tatu. Baba alifariki tarehe 8 Julai, saa nne asubuhi, kwenye kigoda chake. Nilikuwa napiga pampu. Alihesabu mpaka thelathini na sita.

Nilikuficha. Daktari alituambia tangu Januari kwamba mapafu yamekwisha. Baba alinilisha kiapo nisikwambie, alisema hataki uje kwa kumhurumia. Ndipo nikaanza na maji. Maji yalikuwa na shida kweli, lakini nisingekuandikia kwa ajili ya maji peke yake. Nilidhani mkianza kubishana juu ya kisima mtafika mahali. Barua yako ya mwisho alinitaka niisome, nikasoma yote, sikuruka neno. Alisema, "Bado anaandika vizuri." Kisha akaniambia nimwekee mkaa kama ulivyosema.

Baada ya arobaini nilimwita fundi. Hapakuwa na wa kumfukuza. Tuliteremsha mshumaa, ukawaka mpaka chini. Akashuka, akagonga kitu kwa nyundo, sauti ikapanda hadi juu kama kengele. Akapiga kelele, "Dada, baba yako alikuwa na gari humu?"

Tulivuta siku mbili. Gurudumu kubwa limetoka la kwanza. Kisha fremu, vipande vinne, vimefungwa kamba ya waya kwa fundo lile la Baba. Kisha bamba zito ambalo majirani sita walilivuta. Juu ya bamba, tulipokwangua kutu, kuna namba na ua dogo lililochongwa pembeni. Nililikumbuka ua. Ulikuwa ukininyanyua nilishike.

Baba Mkubwa, hakuiuza. Na sasa nakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Siku chache baada ya wewe kuondoka walikuja watu wa serikali wakapekua nyumba. Walivunja mpaka dari. Walipochoka waliomba maji, na Baba akawachotea mwenyewe, ndoo nzima, akisema, "Kunyweni, kunyweni, ni ya baridi." Nilidhani anawaogopa. 

Siku ile ile ya kuvuta, maji yaliacha kutoa maganda.

Mwanao


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Haya ni mafupi, mengine yatafuata. Nakuomba usome mara mbili.

Mashine ilikuwa na makasha mawili ya herufi. Herufi hazikuwa za chuma, ni za madini ya risasi. Risasi si kutu. Haina rangi, haina ladha, na inaingia kwenye mifupa. Kama alizitupa kisimani pamoja na mashine, mmekunywa sumu miaka ishirini na tisa, na mimi nimekaa hapa nikikufundisha kuosha mchanga. Mchanga hauzuii risasi.

Usinywe maji hayo hata kikombe. Fundi ashuke tena, akusanye tope lote kwa koleo, mlichekeche, mtazame kama kuna vipande vidogo vya kijivu vyenye herufi. Nijibu siku hiyo hiyo.

Baba yako mkubwa


Tarehe 17 Septemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Tulia. Tumechekecha tope lote, mikokoteni mitatu. Hamna hata herufi moja.

Nikajiuliza ziko wapi. Chini ya kitanda cha Baba palikuwa na makopo tisa ya maziwa ya unga yaliyozibwa kwa nta ya mshumaa. Tangu nikiwa mdogo tulikatazwa kuyagusa, tukadhani ni misumari yake, maana ni mazito kama dhambi. Leo nimefungua moja. Zimo, zimepangwa, kila herufi imefungwa kwenye kitambaa chake. Hazina hata vumbi.

Juu yake palikuwa na karatasi. Naiandika kama ilivyo, na makosa yake:

"Hizi si za majini. Kaka alisema zina risasi, tusizishike kabla ya kula. Watu wanakunwa maji yale. Chuma hakidhuru, nimeuliza. Kaka akirudi apewe zote, nimehesabu, elfu nne mia mbili na kumi na tisa."

Chini kuna tarehe. Ni siku ya tatu baada ya wewe kuondoka.

Mwanao


Tarehe 12 Oktoba

Mwanangu,

Zilikuwa elfu nne mia mbili na ishirini. Moja, R ndogo, nilitoka nayo mfukoni. Iko hapa mezani. Hesabu yake ni sahihi.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Kazi yangu maisha yote imekuwa kusahihisha makosa ya wengine kabla hayajachapwa, kwa hiyo niache nisahihishe langu. Mwaka ule kila barua ilifunguliwa posta na watu wale wale waliopekua nyumba, kabla ya kumfikia mwenyewe. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote, ni moja ya sababu zilizonitoa nyumbani. Na bado nilikaa mahali pa salama nikamwandikia mdogo wangu waziwazi, "Iko wapi mashine?" Angenijibu nini? Alijibu mstari mmoja ambao ungewaridhisha wao, akategemea kwamba mimi, msomi wa nyumba, nitajua barua inapita mikononi mwa nani. Sikujua. Nilisoma kama wao.

Wewe nawe uliniandikia kwamba baba hapigi pampu tena, kwamba sururu imetundikwa ukutani, kwamba anakohoa. Nilisoma habari za pampu tu. Huna kosa. Kiapo ulichokula ulikitunza na bado uliniambia yote.

Sasa kazi. Maji yenu yatabaki na chuma kidogo, kile cha ardhini, ambacho si cha baba yako wala changu. Mapipa yaendelee kukaa, na kifuniko chake cha mijusi. Kisima kikishatiwa klorini na kupigwa mpaka harufu iishe, kijengee sakafu mpya ya saruji kuzunguka mdomo, yenye mteremko wa kutoa maji nje. Saruji ikiwa bado mbichi, fungua kopo la herufi kubwa, zile za vichwa vya habari. Toa S moja, R mbili, U tatu. Herufi zimechongwa kinyume, kwa hiyo zipange kutoka kulia kwenda kushoto, uzikandamize kwa kiganja bila kutikisa, uhesabu mpaka thelathini na sita, kisha uzinyanyue wima. Zitasomeka sawa. Nawa mikono kabla ya kula. Hiyo itakuwa kazi ya mwisho ya karakana yetu, na nitafurahi ikichapwa na wewe.

Mashine usiilainishe wala kuipaka rangi. Gurudumu lisimame mlangoni palipokuwa na kigoda. Herufi zilizobaki zirudishe kwenye makopo yake kama alivyozipanga. Mimi nitumie ile karatasi tu, pamoja na makosa yake.

Jana nilidondosha msumari wenye kutu kwenye kikombe cha chai, nikauacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa nyeusi. Nimeinywa nusu. Kwa nusu nyingine nimechovya kalamu na kuandika barua hii. Ikikufikia bado inasomeka, basi ni wino wa kweli.

Chumba cha mbele uanike humo sare wakati wa mvua, dirisha lake linapata hewa nzuri. Alisema njoo uangalie, kamba ipo, nitakushikia. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na muda, na sikuja. Aliyekuwa ashike kamba hayupo. Sitarudi.

Baba yako mkubwa